Man Ray na Picha Zisizohitaji Kamera

Picha zilizompa Man Ray heshima miongoni mwa wasanii wa Paris hazikupigwa kwa kamera yoyote. Mmarekani huyu, aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1890 kwa jina la Emmanuel Radnitzky, alihamia Ufaransa mwaka 1921, na mkate wake aliupata kwa kupiga picha za mitindo na za watu mashuhuri. Kwa maelezo yake mwenyewe, usiku mmoja katika chumba cha giza, karatasi ambayo haijaonja mwanga iliingia kwenye dawa pamoja na nyingine. Akaisubiri itoe picha, haikutoa. Akaweka juu yake faneli ya kioo, chombo cha kupimia na kipimajoto, kisha akawasha taa. Maumbo yakaanza kujitokeza.

Karatasi ya picha hupakwa chumvi za madini ya fedha. Palipopigwa na mwanga huwa peusi baada ya kusafishwa, palipokingwa hubaki peupe. Ufunguo wa chuma, kwa mfano, huacha umbo jeupe pee. Kioo ni habari nyingine: hupitisha mwanga na kuupinda, hivyo huacha rangi za kijivu zenye mikunjo. Kitu kikiinuliwa kidogo, kingo zake hufifia.

Njia yenyewe ilikuwa ya zamani. Mwingereza William Henry Fox Talbot aliitumia kwa majani na lesi tangu miaka ya 1830, lakini yeye alitaka jani lionekane jani. Man Ray alitaka kitana kiache kuwa kitana, na hilo ndilo lililowavutia wasurrealisti, waliotafuta ndoto ndani ya vitu vya kawaida. Picha hizo akaziita rayografu, kwa jina lake. Mtu wa kujificha hakuwa. Mwaka 1922 alitoa 12 kati yake katika mkoba uitwao Champs délicieux.

Mwaka uliofuata rafiki yake Tristan Tzara alitangaza kwamba Man Ray angeonyesha filamu katika Théâtre Michel. Filamu haikuwepo, na onyesho lilikuwa kesho yake. Man Ray akanyunyizia vipande vya mkanda chumvi na pilipili manga, vingine akavimwagia pini, akawasha taa kidogo, akasafisha. Kamera huugawa mkanda katika fremu, kila moja ikifanana sana na iliyotangulia. Pini haijui fremu. Mkanda ukipita kwenye projekta, kila fremu huleta pini mahali pengine, na jicho huziona zikirukaruka ilhali hazikusogea hata mara moja. Vipande hivyo, pamoja na vingine alivyopiga kwa kamera, vikawa Le Retour à la raison, filamu ya dakika kama tatu. Ukumbini mkanda ulikatika kwa gundi mbovu, na usiku huo ukaishia kwa ngumi.

Kwangu vipande hivyo vya pini vinaizidi filamu yake L'Étoile de mer ya 1928, ambamo alipitisha picha kwenye jelatini ili miili ya uchi isiwaudhi wakaguzi. Huo ni ujanja mzuri, ila bado ni kamera inayotazama.

Mwishoni mwa muongo huo ikaja solarishaji: mwanga kuwaka picha ikiwa bado inasafishwa, baadhi ya vivuli vikageuka na mstari mwembamba ukauzunguka uso. Aliyewasha taa alikuwa msaidizi na mpenzi wake, Lee Miller, aliyesema kuna kitu kilimpita miguuni gizani akashtuka. Sifa, kwa miaka mingi, zilikwenda kwa Man Ray.