Zambarau, Urujuani na Waridi: Rangi za Mishumaa ya Shada la Majilio na Tatizo la Kuzitaja kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inaeleza chimbuko la rangi za mishumaa ya shada la Majilio na namna majina ya rangi hizo yanavyofasiriwa katika Kiswahili cha Afrika Mashariki na Kati. Inadai kwamba maana zinazohusishwa na rangi hizo leo hazikuzaliwa wakati mmoja wala mahali pamoja, na kwamba neno zambarau limebeba rangi mbili ambazo Kilatini, Kifaransa na Kijerumani huzitenga. Mfasiri asiyelitambua hilo huweza kugeuza ishara ya toba kuwa ishara ya ufalme bila kukusudia.

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kupitia tafsiri ya kijitabu cha ibada za Majilio, majuma manne yanayotangulia Krismasi. Kijitabu kilikuwa kimefasiriwa na watu wawili, mmoja akitumia matini ya Kiingereza na mwingine ya Kifaransa, kwa ajili ya wasomaji wa Uganda, Burundi na mashariki ya Kongo. Ukurasa mmoja uliuita mshumaa wa tatu mshumaa wa waridi, na ukurasa uliofuata ukauita wa pinki. Mishumaa mingine mitatu iliitwa ya urujuani, kisha ya zambarau. Zaidi ya hayo, mfasiri mmoja alieleza kwamba rangi hiyo ni ya toba, na mwenzake kwamba ni ya kifalme. Mhariri aliniuliza nani kati yao amekosea. Nilidhani jibu lingenichukua dakika tano.

Hamburg, 1839

Shada lenyewe ni changa kuliko wengi wanavyodhani. Asili yake inahusishwa na Johann Hinrich Wichern, mchungaji wa Kiluteri aliyeanzisha mwaka 1833, huko Hamburg, Ujerumani, makao ya watoto maskini yaliyoitwa Rauhes Haus. Inasimuliwa kwamba watoto walikuwa wakimsumbua kila siku kwa swali lile lile: Krismasi ni lini? Mwaka 1839 akatundika gurudumu la mbao lenye mishumaa mikubwa minne myeupe, mmoja kwa kila Jumapili, na midogo ishirini myekundu kwa siku zilizobaki. Hesabu inakubaliana na kalenda: mwaka huo Jumapili ya kwanza ya Majilio iliangukia tarehe 1 Desemba, na kutoka siku hiyo hadi mkesha wa Krismasi ni siku ishirini na nne. Katika miaka mingine mishumaa midogo ingepungua hadi kumi na minane au kuongezeka hadi ishirini na minne.

Jambo la kuzingatia ni kwamba nyeupe na nyekundu za Wichern zilitenga Jumapili na siku za kazi. Zilikuwa rangi za kuhesabia. Baadaye mishumaa midogo iliondolewa, majani ya mti usiopukutika yakazungushwa, na shada likaingia majumbani mwa Waprotestanti wa Ujerumani. Wakatoliki walilipokea katika karne ya ishirini. Kanisa la kwanza la Kikatoliki kulitundika linatajwa kuwa la Köln, mwaka 1925. Hadi leo nyumba nyingi za Ujerumani huwasha mishumaa minne myekundu, na hakuna anayehisi kwamba amevunja kanuni. Majani nayo yana habari yake. Huko kaskazini, jani lililobaki bichi mwezi wa Desemba linasema jambo. Kwetu, ambako sehemu kubwa ya ukanda huwa na mvua mwezi huo, "majani mabichi" hayasemi lolote mfasiri asipoongeza kwamba ni majani yasiyopukutika wakati wa baridi.

Rangi iliyohesabiwa kuwa nyeusi

Mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi ilitoka kwingine, yaani katika mavazi ya ibada ya Kanisa la Roma. Kabla ya kuwa Papa Inosenti wa Tatu mwaka 1198, Lotario dei Segni aliandika kitabu kuhusu Misa ambamo alitaja rangi kuu nne: nyeupe, nyekundu, nyeusi na kijani. Nyeusi ndiyo iliyopangiwa Majilio na siku za kufunga. Rangi nyingine alizihesabu chini ya hizo nne, na ile iitwayo violaceus, kutokana na ua la viola, aliiweka chini ya nyeusi. Misale ya mwaka 1570 ilipotolewa, violaceus ilikuwa tayari rangi ya kujitegemea, na Majilio yalikuwa yake.

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kuushangaa mpangilio huo. Lugha yetu ina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Husema mshumaa mweusi, lakini mshumaa wa kijani, wa manjano, wa kijivu, na kila mara twaazima jina la kitu: jani, kiungo cha mchuzi, jivu. Brent Berlin na Paul Kay, katika utafiti wao wa mwaka 1969, walizitaja rangi hizo tatu kuwa ndizo lugha hutangulia kuzipa majina ya msingi. Zambarau ni jina la tunda, na tunda hilo likiiva huwa karibu na nyeusi. Ni ulimi wa mtoto aliyelila unaofichua rangi yake. Katika mwanga hafifu wa kanisa, muumini akiliita vazi la zambarau iliyokoza "jeusi", atakuwa ameona alichokiona Lotario.

Neno moja, rangi mbili

Ufalme basi umeingiaje? Umeingia kwa rangi nyingine kabisa. Kilatini kilikuwa na purpura, rangi ya thamani iliyopatikana kwa konokono wa baharini, hasa katika miji ya Tiro na Sidoni, na iliyovaliwa na watawala wa Roma. Kifaransa huitenga kwa kuiita pourpre, na ile ya Majilio huiita violet. Kijerumani nacho husema Purpur na Violett. Kiingereza cha kawaida, kwa upande wake, huweza kuziita zote mbili purple, na kwa hiyo wahubiri wa Kiingereza hueleza mshumaa mmoja kwa maana mbili: toba na enzi ya mfalme ajaye. Maelezo hayo yana mantiki ya kiimani, wala siyapingi. Kihistoria, hata hivyo, ni muungano uliorahisishwa na neno.

Kiswahili kimefanya vivyo hivyo kwa njia yake. Biblia ya Union humwita Lidia wa Thiatira muuzaji wa rangi ya zambarau, ilhali biashara yake ilikuwa purpura. Kwa hiyo mfasiri wetu wa Kiingereza alipoandika "kifalme" hakukosea lugha aliyoifasiri, na yule wa Kifaransa alipoandika "toba" peke yake hakuacha kitu, kwa kuwa violet haikumwambia habari za mfalme. Kijitabu kimoja kilikuwa kimerithi historia mbili.

Nilipoanza kazi hii nilikuwa na suluhisho lililonipendeza. Urujuani ni neno la asili ya Kiarabu, na Kiarabu hulitumia kwa purpura hasa. Biblia ya Kiarabu inamwita Lidia muuzaji wa urjuwani. Nikapanga kupendekeza urujuani kwa rangi ya kifalme na zambarau kwa rangi ya toba. Pendekezo hilo halisimami. Istilahi za sayansi zimekwisha kulitumia urujuani kwa violet, na mwanafunzi anayesoma juu ya mionzi ya urujuanimno hawezi kuambiwa darasani kwamba urujuani ni ile iliyo mwisho wa upinde wa mvua, kisha aambiwe kanisani kwamba ni vazi la Kaisari. Asili ya neno haina nguvu ya kuvunja matumizi yaliyokwisha kukubalika. Ninaloshauri sasa ni la kawaida zaidi: mshumaa uitwe wa zambarau, neno ambalo waumini wengi wanalo, urujuani libaki kwa sayansi, na purpura ikitajwa iandikwe kwa ukamilifu, zambarau ya kifalme.

Waridi na majina ya mishumaa

Mshumaa wa tatu huwashwa Jumapili iitwayo Gaudete, jina lililotokana na neno la kwanza la wimbo wake wa mwanzo kwa Kilatini, lenye maana ya "furahini". Rangi yake iliazimwa kutoka Jumapili ya nne ya Kwaresima, siku ambayo Papa alibariki ua la waridi la dhahabu. Mwongozo wa Misale ya Roma huiruhusu mahali ilipo desturi, bila kuilazimisha. Kwa Kiswahili, "mshumaa wa waridi" humfanya msomaji atafute ua. "Mshumaa wa rangi ya waridi" huondoa utata. Pinki linaeleweka mjini na sina ugomvi nalo katika mazungumzo.

Majina ya tumaini, amani, furaha na upendo ndiyo yanayohitaji tahadhari kubwa zaidi ya washauri wa mitaala. Hayamo katika Misale. Mpangilio wake hubadilika kutoka kanisa moja hadi jingine: penye amani katika juma la pili, pengine huwekwa upendo. Wapo pia wanaoiita mishumaa hiyo ya manabii, ya Bethlehemu, ya wachungaji na ya malaika. Baadhi ya Waluteri wa Marekani, tangu kitabu chao cha ibada cha mwaka 1978, huweka buluu mahali pa zambarau. Mwandishi wa kitabu cha kiada cha elimu ya dini akiuliza "mshumaa wa pili una maana gani?" na kukubali jibu moja, atamnyima alama mtoto aliyefundishwa vizuri nyumbani kwao. Swali linalofaa ni lile linalomtaka mwanafunzi aeleze desturi ya kanisa lake.

Mhariri nilimrudishia kijitabu chake kikiwa na zambarau kote, na rangi ya waridi katika juma la tatu. Maelezo ya toba niliyaacha ndani ya matini. Yale ya ufalme niliyapeleka katika aya ya pembeni, nikitaja kwamba yanatoka katika mahubiri ya Kiingereza. Aliniuliza kama mishumaa mieupe ingekubalika, kwa kuwa katika vituo vingi vya vijijini ndiyo pekee inayopatikana dukani. Nilimweleza habari za gurudumu la Hamburg, naye akaiongeza katika ukurasa wa mwisho.