Fizi: Hata dhahabu haiko salama ndani ya pano mpya za jua

Kwa wachimbaji wa Misisi, wilayani Fizi, sifa ya kwanza ya dhahabu ni kwamba haishiki kutu. Inakaa kwenye udongo miaka na miaka, na ikitolewa bado inang'aa. Lakini katika maabara za ng'ambo, ndani ya aina mpya ya pano za jua, dhahabu hiyohiyo imeonekana ikiliwa polepole. Kinachoila ni iodini, ile iliyomo katika dawa ya kahawia inayopakwa kwenye vidonda.

Habari hiyo si ya mbali kwa mama anayechaji simu za wateja pale Baraka. Nyumba nyingi za mji huo, na za vijiji vinavyopanda mlima hadi Fizi, hazina waya wa SNEL. Taa, redio, simu na friji ndogo ya kituo cha afya hutegemea pano na batri. Pano ikifa kabla ya wakati, pesa ya mwenyewe imekufa nayo.

Pano zinazouzwa leo karibu zote ni za silikoni, na zikiwa nzuri huvumilia miaka 25. Zinazokuja zinatumia perovskaiti, kundi la semikondakta lililopewa jina la jiwe lililogunduliwa milima ya Ural, Urusi, mwaka 1839. Mwaka 2009, kundi la Tsutomu Miyasaka nchini Japani lilionyesha kwamba perovskaiti inaweza kugeuza mwanga kuwa umeme, ingawa kwa asilimia 3.8 tu. Leo, katika maabara, imepita asilimia 25. Tena inapakwa kama rangi, bila zile tanuri kali za silikoni, ndiyo maana wengi wanatarajia bei kushuka.

Shida yake ni maisha mafupi. Perovskaiti inayotumika sana ina risasi na iodini, na chembe zake za iodini hazitulii mahali pamoja. Joto likipanda au umeme ukizisukuma, zinatembea hadi kwenye elektrodi, yaani tabaka la chuma linalokusanya umeme. Elektrodi ikiwa ya fedha, zinaungana nayo na kuwa iodidi ya fedha, na chuma kilichokuwa kinang'aa kinageuka manjano. Alumini huharibika upesi zaidi. Dhahabu inajikaza, lakini chini ya volteji nayo huanza kuungana na iodini. Mwaka 2016 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walionyesha njia nyingine ya hasara: kwenye joto la nyuzi 70, dhahabu yenyewe ilihama kutoka elektrodi ikaingia ndani ya perovskaiti, na nguvu iliyopotea haikurudi. Pano iliyolala juu ya bati la Baraka saa saba mchana inaweza kukaribia joto hilo.

Adui mwingine ni kivuli. Pano ni seli nyingi zilizofungwa mfululizo. Jani la mwembe au kinyesi cha ndege kikifunika seli moja, zile nyingine zenye jua zinaisukumia umeme kinyume. Pano ya silikoni hupita salama mara nyingi, kwa kuwa ndani yake kuna diodi za kuepusha umeme huo. Kwa seli nyingi za perovskaiti, volti chache tu za kinyume zinatosha: iodini inachemka kikemia kwenye elektrodi, chuma kinapenya, njia ya mkato inatokea na seli imekwisha. Inaweza kuchukua dakika tu, na kusafisha pano baadaye hakusaidii kitu.

Dawa iliyoleta matumaini zaidi haina thamani yoyote sokoni Misisi: kaboni, ndugu wa makaa. Haili iodini wala hailiwi nayo. Mwaka 2014 kundi la Wuhan, China, lilitengeneza seli zenye elektrodi ya kaboni zilizofanya kazi zaidi ya saa 1,000 kwenye mwanga, bila kufichwa hewa. Wengine wanaweka tabaka jembamba la oksidi ya bati kati ya perovskaiti na chuma, kama ukuta.

Kampuni ya Oxford PV ilisafirisha pano zake za kwanza za biashara, zinazochanganya perovskaiti na silikoni, mwezi Septemba 2024, kwenda Marekani. Zikifika siku moja kwenye maduka ya Uvira na Baraka, mnunuzi atakuwa na maswali matatu ya kumuuliza muuzaji: garanti ni ya miaka mingapi na nani anailipa, pano ilipita jaribio la saa 1,000 kwenye joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85, au hapana, na ikivunjika, nani ataichukua, maana risasi iliyomo ndani ni sumu na haifai kutupwa ufukweni mwa Tanganyika, ambako watu wanateka maji ya kunywa.