Ligi ya Bolingi (2): Tufe la Rafu ya Chini

Wiki iliyopita tulimwacha mchezaji wetu amejiandikisha kwenye ligi, amechoka kuazima matufe ya ukumbini, na sasa amesimama dukani akiulizwa anataka lipi. Kabla hatujafika kwenye bei, tupige hesabu kidogo.

Mchezo una fremu 10. Chukua mtu ambaye kila fremu anaangusha pini 9 kwa mrusho wa kwanza, kisha ile moja iliyobaki anaikosa. Atamaliza na alama 90. Jirani yake naye huangusha 9, hapati straiki hata moja, ila ile iliyobaki haimponyoki. Kwa kuwa kumalizia hivyo, yaani spea, huongezewa alama za mrusho unaofuata, kila fremu yake ni 19, na jumla ni 190. Alama 100 nzima zimetoka kwenye pini za peke yake, zile ambazo hakuna anayezipigia makofi.

Ndiyo maana nashauri tufe la kwanza liwe la poliesta, yaani plastiki ngumu, lile wauzaji wanaloliweka rafu ya chini. Huko Marekani, kwenye ligi nyingi kuliko mahali pengine, jipya hupatikana kwa kawaida kwa chini ya dola 100. La resini ni ghali zaidi. Yanachotofautiana hasa ni gamba la nje. Kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele ni mita 18 na ushei, na sehemu ya mwanzo, mara nyingi mita 12 hivi, hupakwa mafuta. Tufe huteleza juu ya mafuta, likifika pakavu huishika sakafu. Resini, iliyoingia mchezoni mwanzoni mwa miaka ya 1990, hushika kwa nguvu, hupinda, na kuziingilia pini kwa upande. Plastiki hushika kidogo tu, hivyo huenda karibu mstari mmoja.

Sikatai kwamba resini huleta straiki nyingi zaidi. Lakini matufe huyahamisha mafuta kadiri usiku unavyokwenda, na tufe lililopinda vizuri saa moja litapinda mahali pengine ifikapo saa tatu. Mgeni hawezi kujua kama kosa ni la mkono wake au la sakafu. Mimi nilipoteza msimu mzima nikilaumu mkono. Tena resini hunywa mafuta, na usipolisafisha tufe hilo hulegea. Hata wachezaji wa kulipwa wengi, pamoja na matufe yao yote, hubeba moja la plastiki kwa ajili ya spea.

Pesa iliyobaki mpe fundi wa kutoboa. Tufe la ukumbini ni kama suti ya mtumba: huenda ikakukaa, lakini haikukatwa kwa ajili yako. Lililotobolewa kwa vipimo vyako halihitaji kubanwa. Kidole gumba huingia hadi mwisho na kutoka chenyewe bila kukwaruzwa. Lililotumika si baya, maana fundi huziba matundu ya zamani na kutoboa mapya, mradi tu usikute ufa kati ya matundu. Uzito wa juu unaoruhusiwa ni ratili 16, kama kilo 7 na robo. Usiku wa ligi kwa kawaida ni michezo mitatu, basi chagua uzito ambao bega lako litauvumilia kwenye ule wa tatu.

Sasa kulenga. Mita nne na nusu hivi mbele ya mstari kuna mishale saba sakafuni. Hiyo ndiyo ya kutazama, maana iko karibu na jicho. Ipo kwenye robo ya njia, na robo tatu zimebaki mbele yake, kwa hiyo njia ya tufe hufanya kazi kama mkasi ulioshikwa msumari kwenye mshale: ukisogea mbao 3 za sakafu kulia na kupitisha tufe juu ya mshale uleule, kule kwenye pini litahamia kama mbao 9 kushoto. Kutoka hapo imezaliwa kanuni ya tatu-sita-tisa. Anayetumia mkono wa kulia, kutoka mahali anapotafutia straiki, husogea mbao 3 kulia kwa pini namba 2, mbao 6 kwa namba 4, na 9 kwa namba 7 iliyo pembeni kabisa. Mwenye mkono wa kushoto ageuze pande.

Imebaki namba 10, ile ya kona ya kulia, karibu kabisa na mfereji. Tufe linalopinda huikimbia dakika ya mwisho. Kwa plastiki, simama kushoto kabisa, pitisha tufe juu ya mshale wa kati, na liache likate njia kimshazari. Ukipata nafasi ya mazoezi, rusha kwenye pini hiyo peke yake mara 20 kabla ya kuomba pini zote 10. Mafuta yanavyohama, na jinsi ya kuyafuata, ni ya wiki ijayo.