Ateliye ya programu: nani anashika klaviye?

Wengi wametuuliza juu ya ateliye ya kuandika programu tuliyoifanya siku ya Posho: mbona watu 12 walianza, na kisha mapumziko walirudi 7 tu? Tunataka kujibu bila kuficha, na kufasiria pia namna wengine wanavyoendesha kazi hii, maana tutaianza tena.

Tulikuwa na mashine 4. Ku kila mashine, yule aliyejua tangu zamani ndiye alishika klaviye. Wengine walikaa nyuma yake, mikono ku magoti. Nani amejua useremala kwa kuangalia randa ya mwenzake? Tena saa nzima ilipotea kwa kuweka Python ndani ya mashine, na betri zilikuwa zinaisha.

Ku Marekani iko kazi moja inaitwa Software Carpentry, ni kusema useremala wa programu. Greg Wilson na Brent Gorda waliianza mwaka 1998 ku Los Alamos, kwa ajili ya watu wa sayansi waliotumia ordinateri kila siku lakini hawakufundishwa vizuri kuiandikia programu. Mwanzo masomo yalichukua juma zima. Nyuma yakafupishwa, kwa kawaida siku mbili. Tangu 2018 kazi hiyo iko ndani ya shirika The Carpentries, na wanafunzi wa universite wa inchi nyingi wamepita humo.

Mwalimu wao haleti programu iliyokwisha kuandikwa. Anaiandika mbele ya watu, mstari kwa mstari, huku anasema anachofanya, na wanafunzi wanaandika pamoja naye. Hivyo hawezi kukimbia kupita vidole vyake. Na akikosea, wote wanaona namna anavyosoma maneno ya kosa na kulitengeneza. Sisi tunaona hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, kwa sababu mwanzaji anafikiri kosa ni alama ya ujinga, kumbe ni chakula cha kila siku cha mwenye kuandika programu.

Angalia mfano huu. Unatafuta wastani wa alama 12, 15 na 9. Ukiandika 12 + 15 + 9 / 3, mashine haigombani nawe hata kidogo, inajibu 30.0. Nani kati yetu amekwisha kupata 30 juu ya 20? Mashine imegawanya 9 peke yake kwanza, kisha ikajumlisha. Inafaa kuandika (12 + 15 + 9) / 3, ndipo inatoa 12.0. Ukisahau kufunga parantezi itakataa waziwazi, na kosa la namna ile ni rahisi kwa kuwa linajionyesha lenyewe. Lile la 30.0 linakaa kimya. Siku ile mwenzetu mmoja alilipata, naye akakaa kimya vilevile, akafikiri ameharibu mashine. Hakurudi.

Kwa ajili ya watu kama yeye, wale wa Software Carpentry wanagawa karatasi ndogo za rangi mbili zenye gundi. Rangi moja inabandikwa juu ya mashine kusema «nimemaliza», nyingine kusema «nimekwama». Hakuna haja ya kuinua mkono na kuona haya, na vidole vinaendelea na kazi. Kukiwa na nyekundu nyingi, mwalimu anajua amekwenda mbio. Sisi tutapaka rangi masanduku matupu ya kiberiti, upande mmoja kijani, upande mwingine nyekundu.

Msaidizi naye ana katazo moja: asiguse klaviye ya mwanafunzi. Aseme, aonyeshe kwa kidole, angojee. Ni ngumu, tunajijua.

Safari hii watu wawili watakaa ku mashine moja: mmoja anaandika, mwingine anasoma na kusahihisha, na kila dakika 15 wanabadilishana, hata kama mmoja ni fundi. Python tutaiweka siku mbele kwa kle USB, maana haiombi intaneti ili ifanye kazi. Nafasi ni 8 kwa kundi la kwanza. Zile 5 za mbele ni za wale walioondoka.