Tangier, Mji wa Wasafiri

Siku isiyo na ukungu, mtu aliyesimama ufukoni Tangier huiona milima ya Uhispania kwa macho matupu. Mlango-bahari wa Gibraltar, unaotenganisha Afrika na Ulaya, una upana wa kilomita 14 tu pale ulipo mwembamba kabisa, na feri ya kutoka Tarifa huchukua takriban saa moja hadi kutia nanga chini ya kuta za mji mkongwe. Ukaribu huo umeipa Tangier sifa, na umeiharibia pia. Wageni wengi huvuka asubuhi, huzungushwa sokoni na kiongozi wa kundi, hula katika mkahawa waliopangiwa, hununua mkoba wa ngozi, na jioni huwa wamerudi Uhispania. Masimulizi mengi ya kwamba Tangier ni kelele na usumbufu mtupu hutoka kwao.

Usumbufu upo, sikatai. Nje ya lango la bandari vijana hujitolea kukuonyesha hoteli, njia ya mkato, duka la mjomba. Aliyewahi kushuka bandarini Unguja anawafahamu: ni papasi. Hawa wa Tangier huanza kwa Kihispania, wakiona huitikii huhamia Kifaransa, kisha Kiingereza. Dawa yao ni ya Unguja vilevile: itikia salamu, shukuru, usisimame. Katika teksi ndogo za buluu mwombe dereva awashe mita kabla gari halijaondoka. Baada ya hapo mji hukuacha utembee kwa raha, na anayelala usiku mmoja au miwili huona mengi ambayo kundi la mchana halikuonyeshwa.

Mahali pa kuanzia ni Soko Kubwa, uwanja mpana ulio nje ya ukuta wa mji mkongwe. Jina lake rasmi ni Uwanja wa 9 Aprili 1947, ukumbusho wa ziara ya Sultani Mohammed V, ambaye hotuba yake mjini hapa ilitangaza waziwazi madai ya umoja na uhuru wa Moroko. Kandoni mwa uwanja huo, hasa siku za soko, hukaa wanawake walioshuka kutoka vijiji vya milimani, wamevaa kofia pana za majani zenye vishada vya sufu na kujifunga kiunoni shuka za mistari myekundu na myeupe. Wanauza jibini nyeupe iliyolazwa juu ya majani, mayai, zeituni, na mafungu ya nanaa yenye harufu inayokufikia kabla hujamwona muuzaji. Kununua kwao ni heri kuliko kununua chochote kwenye maduka ya zawadi: kilichopo kimetoka shambani jana, na bei haibadiliki kwa sababu ya sura yako.

Kula barabarani. Asubuhi tafuta bissara, supu nzito ya maharage mapana yaliyopondwa, iliyomwagiwa mafuta ya zeituni na kunyunyiziwa jira, inayoliwa kwa mkate wa moto. Mchana kuna kalinté, andazi la unga wa dengu na mayai linalookwa kwenye sinia kubwa na kukatwa vipande. Watu wa Tangier wanalihesabu kuwa lao, na mikokoteni yake imeenea mjini. Ijumaa, kama kwingineko Moroko, ni siku ya kuskusi nyumbani.

Ndani ya ukuta vichochoro vinapanda hadi ngome ya juu, Kasbah. Muislamu wa pwani yetu atapata nafasi ambayo watalii wengi hawana, kwani misikiti ya Moroko kwa kawaida haifunguliwi kwa asiye Muislamu. Ataona minara ya mraba, tofauti na ile aliyoizoea, na atakuta watu wanafuata madhehebu ya Maliki badala ya Shafii. Msikiti Mkuu wa mji mkongwe umesimama palipokuwa na kanisa kuu la Wareno, walioutwaa mji mwaka 1471. Wareno waliutoa kwa Uingereza ukiwa sehemu ya mahari ya Catherine wa Braganza alipoolewa na Mfalme Charles II. Waingereza nao walijenga gati kubwa kwa gharama nyingi, wakalibomoa wenyewe walipoondoka mwaka 1684, wakizingirwa na majeshi ya Sultani Moulay Ismail.

Lakini kipindi kilichoifanya Tangier isimuliwe duniani kote kilianza na mkataba wa 1923. Ufaransa, Uhispania na Uingereza zilikubaliana kuufanya mji na viunga vyake kuwa eneo la kimataifa, na nchi nyingine zikajiunga baadaye. Sultani alibaki na mwakilishi wake tu. Mahakama ilikuwa na majaji wa mataifa mbalimbali. Waingereza, Wafaransa na Wahispania kila mmoja alikuwa na posta yake. Fedha za kila nchi zilibadilishwa mitaani. Wakaja wenye benki, walanguzi wa dhahabu, wapelelezi na wakimbizi wa vita. Jeshi la Uhispania liliukalia mji kuanzia Juni 1940 hadi 1945, utawala wa kimataifa ukarudi, na mwaka 1956 Moroko huru ikaupata mji wake.

Waandishi wa kigeni waliufurahia sana wakati huo. Mmarekani Paul Bowles alihamia hapa mwaka 1947, akaishi hadi alipofariki mwaka 1999. Mimi, hata hivyo, ningemshauri msomaji aanze na Mohamed Choukri. Huyu aliletwa Tangier na njaa akiwa mtoto, alilala mitaani, na hakujua kusoma hadi alipokaribia miaka 20. Kitabu chake kuhusu maisha hayo kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1973, karibu miaka kumi kabla ya Kiarabu alichokiandikia. Akisimulia yeye, ule mji wa starehe wa wageni unaonekana kwa jicho la aliyekuwa akiokota mabaki ya chakula chao.

Sisi tuna sababu nyingine ya kuutembelea. Msafiri Ibn Battuta alizaliwa Tangier mwaka 1304, na mwaka 1325, akiwa na miaka 21, aliondoka kwenda kuhiji. Yapata mwaka 1331 alifika Mombasa, akalala usiku mmoja, akaeleza misikiti ya mbao na watu wanaoosha miguu kabla ya kuingia. Kisha akaenda Kilwa, ambayo aliihesabu miongoni mwa miji mizuri kabisa, na kumsifu Sultani Hasan kwa ukarimu wake. Aliporejea Moroko mwaka 1349 alikuta mama yake amefariki kwa tauni, akaja hapa kuzuru kaburi lake. Uwanja wa ndege una jina lake, na kichochoroni mwa mji mkongwe kuna kaburi dogo linalosemekana kuwa lake.

Bandari ya kale sasa ni ya feri, boti za uvuvi na mashua za matajiri. Kazi nzito imehamia Tanger Med, takriban kilomita 40 mashariki, iliyofunguliwa mwaka 2007 na kuwa bandari kubwa ya makontena kuliko zote Afrika. Magari ya kiwanda cha Renault kilichofunguliwa mwaka 2012 husafirishwa kupitia huko, na tangu Novemba 2018 garimoshi la kasi la Al Boraq linaiunganisha Tangier na Casablanca kwa saa mbili na dakika kumi.

Makontena yanavuka kwa urahisi kuliko watu. Katika Café Hafa, mgahawa wa mwaka 1921 uliopangwa ngazi kwa ngazi kwenye jabali la bahari, utakunywa chai ya nanaa ukiitazama Uhispania, na mitaani utakutana na vijana wa Senegal, Guinea na Kameruni waliokuja hapa kwa ajili ya pwani hiyohiyo. Baadhi wamejaribu kuvuka kwa vyombo vidogo na kurudishwa. Wapo waliopotea majini. Wengine wamebaki, wamejifunza Kiarabu cha mtaani, wanauza viatu na simu, wanafanya kazi za ujenzi. Moroko iliwapa maelfu ya wahamiaji vibali vya ukaazi mwaka 2014, na zoezi hilo likarudiwa kuanzia mwishoni mwa 2016.