Bunduki ya Babu na Historia ya Chuma Chake

Kwa miongo mingi, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, Jumatatu inayofuata Sikukuu ya Shukrani ilikuwa siku ambayo shule nyingi za vijijini hazifunguliwi. Msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki ulianza siku hiyo, na darasani kusingekuwa na mwanafunzi wala mwalimu. Mwaka 2019 siku ya kwanza ya msimu ilihamishiwa Jumamosi, lakini desturi yenyewe haijahama. Alfajiri ya mwisho wa Novemba, baba na binti, au babu na mjukuu, huingia msituni wamevaa fulana za rangi ya chungwa inayong'aa kama sheria inavyotaka, na mara nyingi bunduki aliyoshika yule mdogo ina umri kumzidi hata yule mkubwa.

Zipo Winchester za mwaka 1894, zile za kukokiwa kwa mkono wa chini, ambazo zimetengenezwa zaidi ya milioni 7. Zipo Springfield za mwaka 1903 ambazo serikali iliwauzia raia baada ya jeshi kuzitumia, na mafundi wakazichonga upya vitako na kuzifungia darubini. Zipo pia Mauser za Ujerumani zilizofungashwa mizigoni na askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Kila moja ina masimulizi yake: bonde gani, theluji ya mwaka gani, kulungu mwenye pembe ngapi. Masimulizi hayo familia huyatunza vizuri. Lakini chuma nacho kina historia yake, na hiyo aghalabu hakuna aliyeisimulia. Makala haya ni ya historia hiyo ya pili, kwa sababu ndiyo inayoamua kama mtoto atarudi nyumbani na macho yake yote mawili.

Kidole kinapovuta kifyatulio, pini hugonga fataki iliyo kitakoni mwa risasi, fataki huwasha baruti, na baruti hugeuka gesi ndani ya chemba iliyofungwa pande zote isipokuwa mbele, kilipo kichwa cha risasi. Kwa risasi ya .30-30, ile inayotumiwa sana na Winchester ya 1894, viwanda vya Marekani vimeweka kikomo cha shinikizo kuwa pauni 42,000 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari dogo hujazwa pauni 30 na kidogo. Nguvu hiyo, zaidi ya mara elfu moja ya tairi, huja na kuondoka kwa muda wa milisekunde chache tu, sentimita chache kutoka kwenye shavu la mlengaji.

Chuma cha pua kilichotengenezwa sawasawa hutanuka kidogo mno chini ya shinikizo hilo, kisha hurudi kilipokuwa. Maadamu mkazo haujavuka kikomo chake cha kunyumbuka, kitafanya hivyo mara maelfu bila kuchoka. Ndiyo maana bunduki iliyotunzwa vizuri tangu 1910 inaweza kupiga leo kwa shabaha ileile. Hakuna muujiza hapo, na umri peke yake si ugonjwa. Swali la kuuliza ni hili: chuma hiki kilikusudiwa kubeba mzigo gani, na kilipikwa vipi?

Tuanze na mzigo. Baruti nyeusi, ile inayoshindiliwa kwenye gobore, ni shura takriban asilimia 75, makaa asilimia 15 na kiberiti asilimia 10. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Hubaki kuwa moshi mzito na masizi. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille alifanikiwa kutengeneza baruti isiyo na moshi kutokana na nitroselulosi, yaani selulosi iliyotibiwa kwa asidi ya nitriki. Hii karibu yote hugeuka gesi, na shinikizo lake ni kubwa zaidi. Katika miaka michache majeshi ya Ulaya yalibadilisha bunduki zao zote.

Wawindaji walifuata nyuma kidogo. John Moses Browning, fundi wa mji wa Ogden katika jimbo la Utah, ndiye aliyebuni Winchester ya 1894. Zile za kwanza kabisa zilikuwa za risasi za baruti nyeusi, .32-40 na .38-55. Mwaka uliofuata, 1895, ikaja .30-30 ya baruti mpya, na kiwanda kikaitengenezea mtutu wa chuma chenye nikeli, chenye ukakamavu zaidi, kikagonga maandishi juu yake kueleza kwamba ni mtutu maalumu kwa baruti isiyo na moshi. Kwa hiyo kabatini zinaweza kusimama bunduki mbili zenye umbo moja, jina moja na mbuni mmoja, kila moja ikiwa imetengenezewa kazi tofauti. Asiyesoma maandishi ya mtutuni hataona tofauti. Namba iliyogongwa kwenye chuma huonyesha mwaka wa kutengenezwa, na nashangaa ni familia ngapi zinazoweza kutaja pembe za kulungu wa babu lakini hazijawahi kuisoma namba hiyo.

Sasa upishi wa chuma, na hapa kuna kisa ambacho kila mrithi wa bunduki angepaswa kukijua.

Kiwanda cha silaha cha serikali cha Springfield, Massachusetts, kilikuwa na mafundi wenye uzoefu wa miaka mingi. Walipotengeneza kiwiliwili cha bunduki ya 1903, yaani kile kipande kinachoushika mtutu na kuifungia risasi isitoke nyuma, walikichoma chuma hadi kikawaka, kisha wakakifua. Joto hawakulipima kwa kifaa. Walitazama rangi ya chuma kinavyowaka, na jicho la fundi lilikuwa ndilo kipimo. Mwaka 1917, Marekani ikiwa imeingia vitani na kazi ikiwa ya haraka, bunduki kadhaa zilipasuka mikononi mwa wapigaji. Uchunguzi ukafanywa, na jibu lilipatikana mahali ambapo hakuna aliyekuwa ametazama: madirishani.

Siku ya jua kali, mwanga ukiwa mwingi ndani ya karakana, chuma kinachowaka huonekana kimefifia. Fundi yuleyule, mwenye uzoefu uleule, hukiona chuma bado hakijaiva, naye huongeza moto. Ilibainika kwamba rangi ambayo mafundi waliiona kuwa ndiyo sahihi siku ya jua ilikuwa na joto linalozidi lile la siku ya mawingu kwa hadi nyuzi 300 za Fahrenheit, sawa na nyuzi 165 hivi za Selsiasi. Chuma kilichopita joto lake namna hiyo kinaharibika ndani. Punje zake za fuwele hukua kubwa, mishikamano kati yake hudhoofika, na kinapozidiwa hakipindi kwanza bali hupasuka vipande. Kibaya zaidi, kosa hilo halirekebishiki kwa kukipika tena. Walijaribu, ikashindikana.

Kiwanda kikaweka vipimajoto na kubadilisha namna ya kupika chuma, na mwanzoni mwa 1918 mpaka ukawekwa: namba 800,000 kwa Springfield, na 285,507 kwa kiwanda kingine cha Rock Island, Illinois. Vilivyo chini ya namba hizo ni vya upishi wa zamani. Julian Hatcher, ofisa wa jeshi aliyeandika juu ya mambo haya kwa undani kuliko mwingine yeyote, aliorodhesha viwiliwili 68 vilivyopasuka, kati ya zaidi ya milioni moja vilivyotengenezwa. Ni vichache sana, na hilo ndilo tatizo. Bunduki inaweza kupiga maelfu ya risasi salama, kwa kuwa ganda la shaba limeziba gesi vizuri kila mara. Siku ganda moja bovu likipasuka na gesi ikavuja nyuma, chuma kizima kingevumilia, lakini chuma kilichoungua hakitavumilia. Kauli ya kwamba babu aliitumia miaka 40 na hakuna kilichotokea inaeleza bahati ya maganda yake. Juu ya chuma haisemi lolote.

Mtutu nao una adui yake, na adui huyu ni wa kikemia. Kwa muda mrefu fataki za risasi za jeshi zilitengenezwa kwa kloreti ya potasiamu. Kloreti hutoa oksijeni yake ili kuwasha baruti, na kinachobaki ni kloridi ya potasiamu, chumvi iliyo karibu sana kwa tabia na chumvi ya mezani. Hujitandaza ndani ya mtutu baada ya kila mlio, huvuta unyevu wa hewa, na kutu huanza kula chuma. Katika siku chache za unyevunyevu vishimo hutokea ndani ya michirizi iliyojipinda ambayo kazi yake ni kuizungusha risasi, na vishimo vikishaingia havitoki.

Mafuta hayasaidii, kwani chumvi haiyeyuki katika mafuta. Dawa yake ni maji. Jeshi la Uingereza lilikuwa na faneli maalumu ya kumiminia maji ya moto mtutuni, kisha unakaushwa ndipo unapakwa mafuta. Wazee wengi wawindaji walifanya hivyo hivyo jikoni kwao bila kujua jina la chumvi ile. Mwishoni mwa miaka ya 1920 viwanda vya Ujerumani na Marekani vikaanza kuuza fataki zisizoacha chumvi, na jeshi la Marekani likafuata miaka ya 1950. Baada ya hapo vijana wakaona kumwaga maji kwenye bunduki ni ushamba. Kisha kijana ananunua shehena ya risasi za zamani za jeshi kwa bei nafuu, anasafisha kwa mafuta peke yake, na mtutu uliodumu mikononi mwa vizazi viwili unaoza kwa msimu mmoja. Naona uchungu kila ninapofikiria jambo hili, kwa kuwa maarifa yalikuwapo nyumbani, yakaachwa kwa sababu hakuna aliyeeleza kwa nini.

Risasi zenyewe zina mitego yake. Mauser za mwanzo za Kijerumani za milimita 8 zilikuwa na mtutu wa kichwa cha risasi chenye kipenyo cha milimita 8.08 hivi. Baada ya 1905 kipenyo kikawa 8.2. Jina karibu lilelile, tofauti unene wa unywele, na kukilazimisha kichwa kinene kipite kwenye mtutu mwembamba kunapandisha shinikizo hadi kiwango cha hatari. Winchester ya 1894 nayo hupanga risasi zake ndani ya bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, ncha ya ya nyuma ikigusa fataki ya ya mbele. Kwa hiyo hutumia vichwa bapa. Kichwa chenye ncha kali, bunduki ikirudi nyuma kwa kishindo, kinaweza kuwasha risasi nyingine bombani.

Jambo ambalo babu hakuweza kulijua ni lile la nyama. Kichwa cha risasi chenye madini ya risasi, kikimgonga mnyama kwa kasi, humwaga chembe ndogondogo zisizoonekana kwa jicho, mbali na jeraha lenyewe. Picha za eksirei huzionyesha. Mwaka 2008 huko North Dakota, wataalamu wa afya walipima damu ya watu 738, na waliokula nyama ya mwituni walikuwa na madini hayo kwa wastani wa juu kuliko wasioila. Kwa mtoto, ambaye ubongo wake unakua, hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. California, kwa sheria ya 2013 iliyokamilika kutekelezwa tarehe 1 Julai 2019, imepiga marufuku risasi za madini hayo katika uwindaji wote, kwa sehemu ili kumwokoa tai mkubwa aina ya kondori anayekula mizoga.

Badala yake ni shaba. Lakini shaba ni nyepesi: kila sentimita ya ujazo ina gramu 9 hivi, dhidi ya gramu 11 za madini ya risasi. Ili kiwe na uzito uleule, kichwa cha shaba lazima kiwe kirefu zaidi, na tangu 1879 mwanahisabati Mwingereza George Greenhill alionyesha kwamba kadiri kichwa kinavyorefuka ndivyo kinavyohitaji kuzungushwa haraka zaidi ili kisipepesuke angani. Michirizi ya .30-30 hukamilisha mzunguko mmoja kila sentimita 30, ambao kwa kasi yake ni zaidi ya mizunguko 2,000 kwa sekunde. Hiyo inatosha kwa kichwa kifupi, haitoshi kwa kirefu. Basi mrithi asinunue kichwa cha shaba kizito alichosifiwa dukani. Achague chepesi kilichokusudiwa bunduki yake, akijaribu kwenye karatasi ya shabaha kabla ya kumwelekezea mnyama.

Ninaamini bunduki hizi zinastahili kuendelea kuwinda. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulungu mkia-mweupe alikuwa amekaribia kutoweka katika sehemu kubwa ya Marekani. Leo wanahesabiwa kwa mamilioni mengi, na sehemu ya fedha zilizowarudisha imetokana na sheria ya 1937 inayotoza ushuru wa asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi mpya, ili zitumike kuhifadhi wanyamapori. Kila mjukuu anayenunua pakiti ya risasi kwa ajili ya bunduki ya kurithi anachangia mfuko huo.

Wapo wasomaji wetu wanaoishi Marekani ambao watoto wao wataalikwa msituni na majirani au wakwe. Mtoto wako akikabidhiwa bunduki ya zamani, pokea kwa heshima, kisha uliza bila kuona haya: namba yake ni ngapi, ya mwaka gani, inakula risasi gani hasa, na fundi bunduki aliikagua mara ya mwisho lini? Majibu yaandikwe kwenye daftari linalokaa na bunduki yenyewe. Na ikiwa ni Springfield ya 1903 yenye namba iliyo chini ya 800,000, itundikwe ukutani bila risasi, mtoto apewe nyingine.