Kitovu hakikuipa Yorkshire ubingwa

Klabu ya Kriketi ya Kaunti ya Yorkshire iliundwa Sheffield mwaka 1863, na hakuna klabu ya Uingereza iliyoipita kwa Ubingwa wa Kaunti: mara 32 peke yake, na mara 1 ya kugawana na Middlesex mwaka 1949. Kila inapotajwa huulizwa swali lilelile: je, siri yake si kuchezesha waliozaliwa Yorkshire tu? Hapana, na inachosha kulijibu.

Ni kweli kwamba klabu iliishikilia desturi hiyo hadi 1992. Lakini Lord Hawke, nahodha aliyeiongoza kutwaa mataji 8 kati ya 1893 na 1908, alizaliwa Lincolnshire. Desturi ilikuwepo miaka ya 1930, Yorkshire ilipobeba mataji 7 katika misimu 9. Ilikuwepo vilevile miaka ya 1970 na 1980, ambapo ubingwa haukuonekana hata mara moja. Jambo lililokuwepo wakati wa kushinda na wakati wa kushindwa haliwezi kuwa chanzo cha ushindi.

Tena uzawa wenyewe haukufuatwa kwa haki. Bradford na Huddersfield zimelea vijana wengi wa asili ya Pakistan, waliozaliwa palepale. Hata hivyo, mzaliwa wa kwanza wa Uingereza mwenye asili ya Asia kuichezea timu ya wakubwa, Ajmal Shahzad wa Huddersfield, aliingia 2004, miaka 12 baada ya Sachin Tendulkar wa Mumbai. Anayesifia kitovu aeleze hilo kwanza.

Nguvu ilitoka kwenye ligi za miji na vijiji. Kirkheaton, kijiji kimoja tu, kilitoa George Hirst, aliyepata mikimbio zaidi ya 2,000 na wiketi zaidi ya 200 katika msimu wa 1906, na Wilfred Rhodes, mwenye wiketi zaidi ya 4,000. Hedley Verity naye, uwanjani Headingley mwaka 1932, aliwatoa wapigaji wote 10 wa Nottinghamshire kwa mikimbio 10. Alirusha mipira 118, na ova 16 hazikutoa mkimbio hata mmoja.

Anayetaka kuzipima klabu za kaunti aanze na Ubingwa, vikombe vya siku moja na vya ova 20 avihesabu kando, kisha aangalie wachezaji waliopelekwa timu ya taifa. Mahali pa kuzaliwa apaache. Yorkshire ilikaa bila Ubingwa tangu 1968. Ikaupata tena 2001, ikiwa na Darren Lehmann wa Australia, halafu 2014 na 2015, ikiwa na Gary Ballance, mzaliwa wa Harare.